KUCHAGUA WACHACHE KATI YA WENGI

(Hotuba iliyosomwa na mhitimu mmoja katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nilipoombwa kusema machache, bila shaka mlitazamia nizungumzie kazi ya ofisini. Nitaizungumzia, lakini nitaanzia mbali, huko angani. Fizikia niliyoipenda katika maabara ile pale niliisoma hadi Chuo Kikuu, na ingawa leo nashika mafaili ya Serikali, bado naifuatilia.

Galaksi ni mkusanyiko mkubwa mno wa nyota. Wataalamu wakitaka kujua iko umbali gani, huupitisha mwanga wake kwenye chombo kinachoutawanya kama upinde wa mvua, wakapima jinsi ulivyosogea upande wa wekundu. Shida ni kwamba picha za anga huonyesha vitu mamilioni kwa mamilioni, na nafasi ni chache. Katika uchunguzi wa Sloan, ulioanza mwaka 2000 huko New Mexico, Marekani, bamba la alumini lilitobolewa matundu ya nyuzi 640 za kioo, zilizochomekwa kwa mkono. Uzi mmoja, kitu kimoja. Je, nani apewe uzi?

Hawakuchagua zile zilizopendeza macho. Waliandika sheria kwanza. Kitu kilichoonekana kama nukta kilihesabiwa nyota, kilichotandaa, galaksi. Kisha galaksi zenye mng'ao wa hadi daraja 17.77 ziliingia orodhani. Daraja hilo ni hafifu takriban mara 50,000 kuliko nyota ya mwisho ionekanayo kwa jicho tupu.

Lakini vijana, sheria iliyo moja kwa wote haikosi kuacha watu. Simama mlimani usiku utazame vijiji. Vya karibu utaona hata vibatari. Vya mbali utaona karabai tu. Ukisema kule mbali wote wana karabai, umekosea. Ndivyo ilivyo kwa galaksi: za mbali zinazoingia orodhani ni zile zing'aazo sana.

Tena, nyuzi mbili hazikuweza kukaribiana kwenye bamba moja kuliko pembe iliyo chini kidogo ya sehemu 1 ya 30 ya upana wa mwezi mpevu. Galaksi mbili zikikaribiana hivyo, moja iliachwa, isipokuwa pale mabamba mawili yalipopishana. Zilizokosa uzi kwa sababu hiyo zilikuwa kama 6 katika kila 100, hasa penye msongamano. Hata uchunguzi wa DESI, ulioanza Arizona mwaka 2021 ukiwa na nyuzi 5,000 zinazosogezwa na mitambo, haukuepuka tatizo hili.

Ninachowasifia wataalamu hawa ni kwamba walioachwa hawakuwafuta. Waliandika ni zipi, wapi, na kwa sababu gani, kisha wakazitilia maanani katika hesabu.

Sasa narudi ofisini. Miaka iliyopita, mahali nilipokuwa nikifanya kazi, tulipata madawati machache kuliko shule zilizoyahitaji. Lori lilikuwa moja, tukachagua shule zilizo barabarani. Huenda hatukuwa na njia nyingine. Lakini taarifa ilitaja shule zilizopata tu. Za ng'ambo ya mto hazikuandikwa popote. Mwaka uliofuata, aliyelisoma faili aliona kazi imekwisha, na watoto wale wakaendelea kukaa chini. Taarifa ile niliiandika mimi.

Kwa hiyo nina ombi kwa chama chetu. Kila tunapochagua wanafunzi wa kuwalipia ada, tuandike sheria kabla ya kuona majina, na tutunze orodha ya waliokosa pamoja na sababu zake. Mwaka ujao tuanze kwa kuisoma orodha hiyo.

Nanyi vijana, mkikosa nafasi, msidhani mara moja kwamba hamkung'aa. Pengine uzi haukutosha tu.