Gharama ya Siku Tatu

Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa Wanazirai waishio Dar es Salaam

 

Mimi ni mhasibu. Si daktari wala si bwana afya. Kamati iliponiomba nizungumze, nilidhani nitasoma mapato na matumizi kama kila mwaka, kisha nikae. Lakini nilipokuwa nafunga vitabu niliona jambo ambalo siwezi kulisoma haraka na kulipita. Ukurasa wa rambirambi umejaa mpaka mstari wa mwisho. Ukurasa wa matibabu una mistari michache, na mingi kati ya hiyo ni fedha zilizofika mgonjwa akiwa ameshazidiwa.

Sisi ni watu wa kuchanga, hilo halina ubishi. Simu ikilia kwamba kuna msiba, kabla ya magharibi fedha za basi, za sanda na za chakula zimeshaingia. Simu ikilia kwamba mtoto wa fulani ana homa, tunajibu, "Mpeni pole, tuangalie mpaka kesho." Leo naomba niwaeleze kinachotokea ndani ya hiyo "mpaka kesho".

Mwaka 1991 nilikuwa na miaka tisa. Shangazi yangu alikuwa ameolewa ng'ambo ya bonde la Lwengera, upande wa Shume kule Lushoto. Alikuwa na mtoto wa kiume tuliyelingana karibu umri. Siku moja yule mtoto aliamka na homa kali na kichwa kikimuuma. Wakasema ni malaria, itapoa. Siku ya pili akashindwa kutembea, uvimbe umemtoka kwenye kinena, ukiuma hata nguo ikiugusa. Wakasema huu si ugonjwa wa kawaida, huyu ametupiwa kitu. Siku ya tatu ikaishia kwa mganga, na jina la bibi kizee mmoja jirani likatajwa. Siku ya nne alfajiri wanaume wakamweka kwenye machela kumpeleka hospitali. Hawakufika naye akiwa hai.

Baadaye wataalamu walikuja kijijini, wakapulizia dawa nyumba kwa nyumba, wakaeleza kwamba ule uvimbe ni mitoki na ugonjwa ni tauni. Shangazi alielewa. Lakini yule bibi kizee alikuwa ameshahama kwa kuogopa maneno ya watu, na hakurudi tena. Hadi leo shangazi akisimulia, hulia mara mbili: mara moja kwa ajili ya mwanawe, mara ya pili kwa ajili ya jirani yake.

Basi huyo aliyeua mtoto ni nani? Ni kijidudu kimoja, bakteria, kidogo kiasi kwamba jicho halikioni bila hadubini. Daktari Alexandre Yersin alikitambua huko Hong Kong mwaka 1894, na miaka minne baadaye Paul-Louis Simond akaonyesha kwamba kinasafirishwa na kiroboto. Mimi nikitaka kumjua mdaiwa huuliza maswali matatu: anaishi wapi, anakua vipi, anasafiri na nani. Na hapa tuulize hayo hayo.

Anaishi wapi? Bakteria wa tauni huishi ndani ya panya. Na panya anaishi palipo na chakula chetu. Mahindi yetu tunayaweka darini juu ya jiko, moshi uyakaushe. Ni akili ya wazee, na ilikuwa na sababu yake. Lakini dari hiyo hiyo ni hoteli ya panya, na chini yake kuna mkeka wa watoto.

Anasafiri na nani? Na kiroboto. Kiroboto akinyonya damu ya panya mgonjwa, bakteria huzaliana ndani yake, hujikusanya na kuziba njia ya chakula. Kiroboto huyo sasa ana njaa isiyoisha. Anauma, anajaribu kunyonya, damu haipiti, inarudi kwenye kidonda pamoja na bakteria. Anauma tena na tena. Panya akifa na mwili kupoa, viroboto humkimbia na kutafuta damu nyingine ya moto, iwe ya panya mwingine au ya mtoto aliyelala mkekani. Ndiyo maana wataalamu husema, palipo na tauni usianze kwa kuua panya. Anza na dawa ya viroboto. Ukiua panya kwanza, umewafukuza wapangaji wake waje kwako.

Anakua vipi? Hapa mniruhusu nitumie taaluma yangu. Bakteria hazai kama mbuzi. Mmoja hujigawa wakawa wawili, wawili wakawa wanne, wanne wakawa wanane. Wako bakteria ambao, wakipata joto na chakula, hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Mmoja akianza saa moja asubuhi, kwa hesabu ya karatasi saa nane mchana wamepita milioni mbili. Huyu wa tauni ni mzito kidogo. Tumpe saa moja na nusu kila anapojigawa. Baada ya siku moja, mmoja amekuwa 65,536. Baada ya siku mbili, wamepita bilioni nne.

Najua mwili hupigana, na chakula cha bakteria nacho kina mwisho, kwa hiyo hesabu ya mwilini haiwi nzuri kama ya karatasini. Lakini mwendo wake ndio huo. Hapa mjini wengi tunaijua mikopo ya kausha damu. Unakopa laki moja, riba inazaa riba, na kabla hujashtuka wanakuja kubeba friji. Ugonjwa wa bakteria ni mkopo wa namna hiyo, ila hakuna aliyeusaini. Siku ya kwanza ungeweza kuulipa kwa nauli ya pikipiki na dozi ya dawa. Siku ya nne hakuna fedha inayotosha.

Dawa ipo. Tauni hutibika kwa antibaotiki, na wala si ngeni. Sasa tazameni hesabu ya Lushoto. Tangu tauni ilipoanza kule mwaka 1980 hadi mwaka 2004, waliougua walikuwa zaidi ya 7,600 na waliofariki zaidi ya 600. Wengi wa waliougua walikuwa wanawake na watoto. Gawanya, utapata kama vifo 8 katika kila wagonjwa 100. Ni wengi, na kila mmoja ana mama yake. Lakini tauni ya mitoki isipotibiwa kabisa huua kati ya 30 na 60 katika kila 100. Tofauti ya 8 na 30, au 8 na 60, ni watu waliowahi dawa. Wako hai, wengine leo ni babu na bibi. Mtoto wa shangazi yangu angeweza kuwa mmoja wao.

Ndugu zangu, sisemi haya kuwatia hofu kwamba tauni iko Zirai. Nasema kwa sababu kanuni ni ile ile kwa maradhi mengine. Kipindupindu huishi kwenye kinyesi na maji machafu, husafiri kwa kikombe na kwa mkono usionawa, na kinaweza kumkausha mtu mzima akafa ndani ya saa chache. Kifua kikuu huenda taratibu zaidi, husafiri kwa hewa ya anayekohoa, na kinapenda chumba kisicho na dirisha. Makazi na usafiri hutofautiana, lakini wote wanakula muda wetu. Kila siku tunayoitoa bure, wao wanaiandika kwenye faida.

Kwa hiyo naleta maombi mawili mbele ya mkutano huu.

La kwanza ni mfuko ninaouita wa Siku ya Kwanza. Fedha zikae nyumbani, mikononi mwa watu watatu watakaochaguliwa na wanakijiji, akiwemo mama mmoja. Kazi yake ni moja tu: mtoto au mtu mzima akiamka na homa kali, uvimbe, kuharisha kusikokoma au kukohoa damu, nauli ya pikipiki hadi zahanati, au hadi hospitali Muheza ikibidi, itoke siku hiyo hiyo bila kungoja simu ya Dar. Mnaijua barabara yetu wakati wa mvua. Mwenye pikipiki hapandi mlima kwa ahadi. Risiti zitakuja kwangu, na nitazisoma hapa mwakani.

La pili ni vihenge vya bati vya kuhifadhia mahindi. Tuanze na kaya za wajane na wazee wanaoishi na wajukuu. Mahindi yakaushwe vizuri juani, yaingie kwenye kihenge chenye mfuniko, na panya akose sababu ya kulala juu ya watoto wetu. Faida ya pili mtaiona wenyewe: gunia lisiloliwa na panya ni gunia lililookolewa.

Nasikia wako wanaosema tumalize kwanza ukumbi. Nami naupenda ukumbi, hata mchango wangu umo. Lakini ukumbi ukingoja mwaka mmoja, matofali hayaongezeki wala hayapungui. Ugonjwa ukingoja siku moja, mmeona hesabu yake. Naomba robo ya makusanyo ya leo iende kwenye mambo haya mawili.

Na kuna jambo ambalo halihitaji hata senti. Mkipiga simu nyumbani leo usiku, waambieni haya. Wakiona panya wanakufa ovyo bila kutegewa sumu, wasiwashike kwa mikono, watoe taarifa zahanati. Mtoto akipata homa na uvimbe, wasimtafute mchawi, watafute pikipiki. Na dawa ikitolewa, imalizwe hadi kidonge cha mwisho, hata kama mgonjwa ameshaanza kucheza.

Sitaki kufuta ukurasa wa rambirambi. Kuzikana ni utu wetu, na mimi nitaendelea kuchanga. Nataka tu mwakani nikisimama hapa, ukurasa wa nauli za pikipiki uwe mrefu kuliko ule wa sanda. Hiyo ndiyo mizania nitakayoisoma kwa furaha.