Kupona Mguu Ukiwa na Baridi Yabisi: Ni Kazi ya Nyumba Nzima

Maneno haya yalisemwa na mwanachama wa kikundi cha akina mama katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika kwa faida ya wale ambao hawakufika. Yasomeni pamoja kikundini, kisha mjadili maswali yaliyo mwishoni.

 

Nimeombwa niongee juu ya kupona baada ya kupasuliwa mguu, kwa mtu ambaye tayari ana ugonjwa wa baridi yabisi. Mimi nimeishi na ugonjwa huu miaka 14, na mguu wangu wa kulia umepasuliwa. Si daktari. Yale ya dawa nitakayosema ni yale tunayofundishwa hospitalini, na kila mtu amwulize daktari wake. Lakini neno langu kubwa leo ni hili: kupasuliwa ni kazi ya saa chache, na madaktari wanaiweza. Kupona ni kazi ya miezi, nayo hufanyika nyumbani. Kama nyumba na kikundi hawakujipanga kabla mgonjwa hajaenda, kazi nzuri ya daktari inaweza kuharibika kwa sababu ya jerikeni moja ya maji.

UGONJWA WENYEWE

Jina lake linatudanganya. Tukisikia "baridi" tunafikiri ni maji ya mto au umande wa asubuhi. Wengine husema ni uzee, wengine husema ni mkono wa mtu. Sivyo. Mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa. Katika ugonjwa huu, askari hao hugeuka na kushambulia ngozi laini iliyo ndani ya viungo. Viungo huvimba, hupata joto, na wasipozuiwa, hata mifupa huliwa. Ugonjwa hauambukizi. Unawapata wanawake zaidi ya wanaume, kama mara 2 au 3, na wengi huanza wakiwa bado na nguvu za kulima.

Msiuchanganye na maumivu ya goti la mzee. Huu hushika viungo vidogo vya mikono na miguu, mara nyingi pande zote mbili. Asubuhi mtu huamka amekauka, na inaweza kupita saa nzima kabla hajaweza kufunga kifungo cha nguo. Pia huleta uchovu mwingi. Ukiona dalili hizi kwa wiki 6 hivi, usinunue tu vidonge vya maumivu dukani. Nenda hospitali upimwe. Dawa zinazotuliza wale askari zikianza mapema, viungo vingi huokolewa.

Kwa miguu, hivi ndivyo inavyokuwa. Kidole gumba hulala upande wa wenzake. Vidole vingine hujikunja kama kucha za kuku, na vichwa vya mifupa hushuka chini ya wayo. Ukikanyaga, ni kama umevaa kiatu chenye kokoto. Dawa haiwezi kunyoosha mfupa uliokwisha kupinda, ndiyo maana wengine wetu tunapasuliwa. Kwangu, daktari aliunganisha kiungo cha kidole gumba kwa skrubu ili kisikunjike tena, na akaondoa vichwa vya mifupa vilivyokuwa vinachoma wayo.

KWA NINI SISI HATUPONI KAMA ALIYEVUNJIKA MGUU

Kijana akivunjika mguu akicheza mpira, hupewa magongo mawili na siku ya pili anaruka nayo. Sisi tuna mambo manne yanayotuzuia.

Kwanza, mikono. Magongo ya kawaida yanataka mikono mizima, na yetu ni migonjwa vilevile. Pili, ugonjwa wenyewe na baadhi ya dawa zake hufanya kidonda kichelewe kufunga na kiingiliwe na wadudu kwa urahisi. Tatu, mguu uliobaki na magoti hubeba mwili wote, navyo si vizima. Nne, baridi yabisi haiendi likizo. Inaweza kuamka katikati ya wiki za kupona, ukajikuta mkono umevimba na mguu umefungwa.

Kwa hivyo mama mwenye ugonjwa huu akikawia kusimama, msiseme ni mvivu.

KABLA YA KWENDA HOSPITALI

Mwambie daktari dawa zote unazotumia, pamoja na za miti shamba. Usiache dawa kwa uamuzi wako, na usiendelee nazo bila kuuliza. Methotreksati, ambayo tunaimeza mara moja kwa wiki na si kila siku, mara nyingi huendelea. Zile sindano mpya za kutuliza kinga ya mwili kwa kawaida husimamishwa kwa muda. Aliyemeza prednisoloni siku nyingi asiikatize ghafla, maana mwili unaweza kulegea kabisa.

Kama shingo inauma au mikono inakufa ganzi, mwambie yule anayekupa dawa ya usingizi. Ugonjwa huu hufika hata kwenye mifupa ya shingo, na ni lazima ajue kabla ya kuinamisha kichwa chako. Kama una funza, jipu au jino bovu, litibiwe kwanza. Na anayevuta sigara au ugoro wa tumbaku aache, kwa sababu tumbaku huchelewesha mfupa na kidonda.

Kisha angalieni nyumba. Kitanda kiko wapi? Kizingiti kina urefu gani? Choo cha shimo ndicho kigumu zaidi. Mtu asiyeweza kukanyaga mguu mmoja hawezi kuchuchumaa. Fundi seremala anaweza kutoboa kiti cha mbao, kikawekwa juu ya shimo, na kupigilia mti ukutani wa kushikilia. Afanye hivyo kabla ya siku ya upasuaji. Kwa mikono, waulize wataalamu wa mazoezi ya viungo juu ya fremu au magongo yenye pahali pa kulaza mkono mpaka kiwiko, ili uzito usikae kwenye vifundo na vidole. Chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, kilichoanza mwaka 1958, huwasaidia watu kupata vifaa vya kutembelea. Ukitumia vya fundi wa kijijini, viwe vya kipimo chako, na chini viwe na mpira usiochakaa.

WIKI ZA KWANZA

Kwa wiki 2 za kwanza kazi yako ni moja: kuweka mguu juu. Juu maana yake ni juu ya kifua ukiwa umelala, si juu ya kigoda. Ukiuning'iniza, damu hujaa, mguu huvimba, na nyuzi hukazika. Hapa ndipo desturi zetu zinatusumbua. Mama mkwe akija, unaona haya kulala umemwelekezea wayo. Mchungaji akija, unataka kuketi vizuri. Wageni watatu kwa siku, kila mmoja saa moja, na jioni mguu ni kama mtungi. Nawaomba mnaotembelea wagonjwa: mwambieni abaki alivyolala. Ombeni, mwache unga, muondoke mapema.

Kusema mguu ukae juu si kusema mwili ulale kama gogo. Chezesha goti, chezesha vidole vya mguu ule mwingine, nyoosha mikono, kama ulivyoonyeshwa. Damu isipotembea inaweza kuganda mguuni.

Bandeji isiloweke. Oga umeketi, na mguu uwe nje ya karai, juu ya stuli. Usipake majivu, majani, wala mafuta ya moto. Nyuzi hutolewa baada ya wiki 2 hivi, lakini kwetu daktari anaweza kuziacha zaidi. Kama umewekwa vyuma vyembamba vinavyochomoza kwenye ncha za vidole, hivyo hutolewa baada ya wiki 4 hadi 6. Watoto wasivishike, kuku wasividonoe. Mnacheka, lakini kuku huingia nyumbani!

Rudi hospitali mara moja, usingoje siku ya kliniki, ukiona mambo haya: usaha au harufu mbaya, wekundu au joto linalopanda mguuni, homa, vidole kuwa baridi au kubadilika rangi, maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Ukivimba na kuumwa shavu la mguu, au ukikatika pumzi na kuchomwa kifuani, hiyo ni ya kukimbizwa usiku huohuo.

Chakula kisiwe cha gharama. Maharagwe, ndengu, omena, yai, maziwa, mboga za majani na matunda ya msimu ndivyo vinavyojenga nyama na mfupa.

KUSIMAMA TENA

Mfupa uliounganishwa kwa kawaida huchukua wiki 6 hadi 12 kushikana. Wengine huruhusiwa kukanyaga kwa kisigino mapema wakiwa na kiatu maalum, wengine hapana. Fuata uliloambiwa wewe, si aliloambiwa jirani. Uvimbe unaweza kubaki miezi 6, hata mwaka. Hiyo haimaanishi upasuaji umeharibika.

Kiatu kiwe kipana mbele, soli iwe ngumu isiyokunjika, na kisiwe na mshono unaosugua. Usirudi shambani miguu mitupu. Kila jioni angalia wayo, na kama huwezi kuinama, mtoto akuangalilie.

Mguu wangu sasa unakanyaga. Haukuwa mguu wa msichana, na daktari hakuniahidi hivyo. Zile kokoto zimeisha. Ninaweza kwenda sokoni na kurudi. Mikono bado inauma asubuhi nyingine, na dawa zangu ninaendelea nazo, kwa sababu aliyepasuliwa ni mguu, ugonjwa haukukatwa.

KIKUNDI KIFANYE NINI

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Mama asiyeweza kutoka nyumbani miezi 3 hawezi kuuza mboga. Asipouza, hana mchango. Katika vikundi vingine, asiyeleta mchango hufutwa. Hivyo mtu huogopa kupoteza kikundi kuliko anavyoogopa kisu. Huyo ndiye utakayemkuta kisimani siku ya kumi, bandeji imelowa.

Kikundi chetu kilifanya mambo matatu. Kilibadilisha zamu yangu ya meri-go-raundi, nikapokea kabla ya kwenda hospitali, na michango yangu nikamalizia nilipoanza kuuza tena. Kilipanga zamu ya maji na kuni, nyumba mbili kila wiki, majina yakaandikwa ili pasiwe na aliyechoka peke yake. Na hakikunitoa kwenye kazi. Mikutano ilifanyiwa nyumbani kwangu, nikahesabu pesa nikiwa kitandani, kijana wetu akaandika. Mume wangu naye alisonga ugali. Wazee, msiangalie chini, hata nyinyi mnaweza.

Jambo la nne tunalifanya sasa, nalo ni bima. NHIF tuliyoizoea haipo tena. Tangu Oktoba 2024 kazi hiyo iko chini ya SHA. Asiye na mshahara hukadiriwa kulingana na mapato ya nyumba yake. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani shilingi 3,600. Hizo ni ngumu kutoa kwa siku moja, lakini kikundi kinaweza kuziweka kidogo kidogo kila mkutano. Kabla ya upasuaji uliza hospitali ni gharama gani bima italipa na ni gani utajitolea mwenyewe.

Katika kitabu cha 2 Samweli sura ya 9 tunasoma habari za Mefiboshethi, aliyekuwa na kilema cha miguu yote miwili. Daudi hakumtumia chakula kwa mlango wa nyuma. Alimweka mezani pake. Mgonjwa anahitaji maji, kuni na unga, lakini pia anahitaji kiti chake kisikaliwe na mwingine. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mguu mmoja hauponi peke yake.

 

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Je, katika kikundi chetu kuna mtu anayekauka viungo kila asubuhi na hajawahi kupimwa? Nani atamsindikiza hospitali?

2. Sheria zetu zinasema nini juu ya mwanachama anayekosa mikutano kwa sababu ya ugonjwa? Je, zinafaa kubadilishwa?

3. Mwenzetu akipasuliwa mwezi ujao, nani atachota maji, nani atatengeneza kiti cha choo, na zamu yake ya meri-go-raundi itakuwaje? Andikeni majina.

4. Ni wangapi kati yetu wamejiandikisha na SHA na kulipa? Tunaweza kuweka shilingi ngapi kila mkutano ili wengine nao walipe?