Video ya Nairobi, na Sababu ya Kupanda Manga



Sisi ni kamati ya video. Tumepewa dakika chache tujibu maswali mawili ambayo yameulizwa karibu kila kikao: pesa za video ya Nairobi zilikwenda wapi, na kwa nini mama watatu waliokuwapo siku kwaya hii inaanza hawaonekani ndani yake. Maswali hayo yana jibu moja. Halitupendezi, lakini tutalisema.

Tuanze na ukweli kwamba tulitaka maghorofa. Kila kwaya iliyokuwa ikisifiwa ilikuwa na maghorofa nyuma yake, na sisi tukaona migomba imetuchosha. Studio ya Nairobi haikutuangusha. Sauti mnayoisikia kwenye nyimbo zile ni nzuri na hatuijutii. Tatizo lilikuwa picha.

Sabato hatufanyi kazi, na Jumatatu walimu wanarudi darasani na wenye maduka wanafungua. Kwa hiyo siku yetu ilikuwa Jumapili tu. Tuliondoka Jumamosi jua lilipokwisha kutua, tukapita Keroka, Sotik, Bomet, Narok na Mai Mahiu, zaidi ya kilomita 300 kwa usiku mmoja. Barabara hiyo si mchezo. Wenzetu wa Ambassadors of Christ wa Kigali walipata ajali mwaka 2011 wakirudi kutoka Tanzania, wakapoteza waimbaji. Habari hiyo tuliijua, na bado tukawapandisha watoto wa watu basi usiku.

Basi lilikuwa na viti 33. Sisi tulikuwa 36. Tukasema wale mama watatu magoti yao hayataiweza safari. Tulisema sisi, wao hatukuwauliza. Mmoja wao alikuwa ameshapiga pasi sare yake.

Tulifika kumepambazuka. Watu 33 wanahitaji mahali pa kunawa uso, kuvaa na kunyoosha nguo zilizolaliwa usiku kucha, na sisi tulikuwa na choo kimoja cha kituo cha mafuta. Tulipomaliza ilikuwa saa nne. Mwangaza mzuri wa picha katika nchi yetu hii ya ikweta ni wa tangu jua linapochomoza hadi saa tatu hivi, kisha tena jioni. Kuanzia saa nne jua linasimama juu ya kichwa, macho yanaingia kivulini, na mtu mwenye furaha anaonekana kama amefiwa. Tena sare zetu ni nyeupe. Kamera ikiachiwa ipime mwanga yenyewe, inaona weupe mwingi na kupunguza mwanga, kisha nyuso zetu zinakuwa giza. Ndiyo maana kwenye wimbo wa pili hamkuwatambua watoto wenu.

Hatujamaliza wimbo wa kwanza, askari wa kanjo wawili wakaja na kuuliza kibali. Tulimwangalia prodyuza, naye akaangalia simu yake. Alikuwa ametuambia amelipia kila kitu. Hapo ndipo tulipojifunza kwamba Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka leseni kwa filamu yoyote itakayoonyeshwa hadharani au kuuzwa, na kwamba kaunti nayo ina ada zake kwa maeneo yake. Askari wale hawakutukosea. Droni nayo ikabaki kwenye sanduku, kwa sababu huwezi kuirusha bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, na uwanja wa Wilson uko karibu na katikati ya mji. Tulikuwa tumeilipia.

Tulihamia kwenye ua wa kukodi kwa saa. Pesa ya ua ilikuwa pesa ya chakula cha mchana, na wale vijana waliokula mandazi na soda hadi usiku wanakumbuka.

Kuna jambo moja zaidi la huko ambalo kwaya nyingine hapa ingefaa kulisikia. Katika video hamrekodi sauti. Wimbo wa studio unapigwa kwenye spika, nanyi mnaimba juu yake ili midomo ifuatane. Sisi tulikuwa na spika moja, imewekwa mbele, na barabara ya matatu iko nyuma ya ukuta. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Aliyesimama mita 17 kutoka kwenye spika anausikia wimbo sehemu moja ya ishirini ya sekunde baada ya kutoka, na kamera yetu ilikuwa ikichukua picha 25 kwa sekunde. Ongeza kelele ya honi, na besi wa mstari wa nyuma wakawa wanafungua mdomo neno likiwa limepita. Mliwacheka. Walikuwa wakifuata walichosikia.

Tulirudi tukiwa na deni, na kazi ikakaa kwa mhariri hadi tulipochanga tena. Ilipofika tukaona makosa, tukaomba picha zote za siku ile ili zihaririwe upya. Tukajibiwa kwamba zimefutwa kupisha kazi nyingine. Makubaliano yetu yalikuwa ya mdomo, kwa hiyo hatukuwa na karatasi ya kumwonyesha mtu. Hesabu yote iko kwenye daftari la katibu, pamoja na ujumbe wa M-Pesa, na yeyote anaruhusiwa kuisoma leo.

Kwa hiyo mlipotuagiza tutengeneze video ya jubilii, tulipanda Manga. Ukisimama juu ya ule mteremko mji wa Kisii uko chini yako, na ndugu zetu walioko Nairobi wametuambia wazi kwamba maghorofa wanayaona kila siku. Wanataka kuona kwao. Lakini msidhani huku ni rahisi. Sheria ile ile inafika Manga, kwa hiyo safari hii tulianza na makaratasi, kisha tukamwomba mwenye shamba, kisha chifu. Mvua yetu ya mchana mnaijua. Siku ya kwanza ilitunyeshea saa saba na sare zikarudi nyumbani na matope. Jumapili iliyofuata tulikuwa juu saa kumi na mbili unusu asubuhi, spika mbili, kila mwimbaji akiwa hatua chache kutoka kwenye moja, na wanawake wa jirani wakatuletea chai kwenye birika bila kuombwa. Mpiga picha alitia saini karatasi. Inasema malipo ya mwisho ni siku ya kukabidhiwa picha zote, na tumezihifadhi kwenye diski mbili: moja iko ofisini kwa kanisa, nyingine kwa mweka hazina, chini ya kitanda, anavyotuambia.

Mama watatu walipanda kwa gari hadi lilipokomea. Kipande kilichobaki walikipanda kwa miguu, polepole, wakikataa kushikwa mkono. Tulisubiri. Tulipoteza karibu nusu saa ya ule mwangaza mzuri, na mpiga picha alitazama saa yake mara nyingi. Wamesimama mstari wa mbele katika nyimbo zote.

Mama zetu, tuliwaacha na hatukuwaomba radhi mbele ya watu mlioachwa mbele yao. Leo tunawaomba mbele yao. Tusameheni.

Video itaonyeshwa baada ya chakula, kwenye ukuta ule mweupe. Umeme ukipotea kuna jenereta, na tumeshaitia mafuta.