Taa za Ziada na Jicho la Pikapu

Msikilizaji, ukitoka Kitengela jioni kuelekea Mashuuru, giza hukukuta njiani, na pundamilia hawana taa za nyuma. Ndiyo maana wenye pikapu huongeza taa. Sawa kabisa. Ila pikapu za siku hizi zina macho yake: rada, mara nyingi nyuma ya nembo ya mbele, na kamera sehemu ya juu ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha ndani cha kutazamia nyuma.

Taa ikikaa mbele ya nembo, rada huzibwa. Onyo litawaka kwenye dashibodi, na breki za dharura huenda zisijifunge zenyewe. Mhimili wa taa juu ya paa nao humulika boneti, mwanga ukarudi kwenye kamera. Kwa hiyo fundi afunge taa chini pembeni mwa bampa, baada ya kusoma kitabu cha gari. Bampa ya chuma? Hiyo nayo inaweza kuziba rada.

Sasa umeme. Taa za wati 120 kwenye betri ya volti 12 huvuta ampea 10. Usikubali fundi achune waya wa taa kuu. Kompyuta ya gari huupima. Avute waya mpya kutoka betri, fyuzi ikae karibu na betri, na rilei ibebe mzigo.

Na ukiona gari likija mbele yako, zizime taa hizo za ziada. Dereva wa lori la mifugo naye anataka kuona.