MAZUNGUMZO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: KUTIA RANGI VITAMBAA VYA MCHANGANYIKO



Mteja hununua kitambaa cheupe dukani, akampelekea fundi wa batiki akitie buluu iliyokoza kwa ajili ya sare. Fundi hufuata kanuni zake zote, kwa rangi ile ile iliyompendeza mteja wa jana, lakini kitambaa hutoka kimepauka kana kwamba kimekwisha kufuliwa mwaka mzima. Mteja hudai kwamba fundi amepunguza rangi. Fundi naye hudai kwamba rangi ya dukani ni mbovu. Mara nyingi wote wawili hawana kosa. Sababu imo ndani ya uzi.

Vitambaa vingi vya sare, mashati na mashuka vinavyouzwa leo si pamba tupu. Ni mchanganyiko wa pamba na poliesta, ambayo wenye maduka huiita tetroni au terilini. Mchanganyiko ulio mashuhuri zaidi ni wa poliesta sehemu 65 na pamba sehemu 35 katika kila 100. Poliesta ya nguo ilibuniwa Uingereza mwaka 1941 na wanakemia John Rex Whinfield na James Tennant Dickson. Ilipendwa kwa kuwa haikunjamani upesi na hukauka haraka, na sifa hizo ndizo zinazomtaabisha mtiaji rangi. Pamba iliyoachwa katika hewa ya kawaida hubeba unyevu wa kiasi cha asilimia 8 ya uzito wake. Poliesta haifiki hata asilimia 1. Rangi za pamba husafiri ndani ya maji, na uzi usiokunywa maji hauzipokei.

Kwa hiyo kitambaa cha 65 kwa 35 kikitiwa rangi ya pamba peke yake, theluthi moja hivi ya nyuzi hushika rangi na theluthi mbili hubaki nyeupe. Kwa kuwa nyuzi hizo zimesokotwa pamoja, jicho halioni mabaka bali huona rangi iliyofifia. Ushahidi mwepesi upo katika suruali kuukuu ya pamba iliyotiwa rangi upya: kitambaa hugeuka, lakini mishono hubaki na rangi yake ya zamani, kwani uzi wa kushonea aghalabu ni poliesta.

Poliesta ina rangi zake, zilizo za jamii nyengine kabisa. Rangi hizo haziyeyuki majini. Husagwa zikawa chembe ndogo mno zinazotawanyika ndani ya maji, kisha zikajipenyeza katika uzi pale uzi unapolegea kwa joto. Hapo ndipo ugumu ulipo. Viwandani kazi hii hufanywa katika mitungi iliyofungwa, kwa joto la nyuzi 130 za Selsiasi. Sufuria iliyo wazi juu ya jiko, hata moto ukolezwe vipi, haipiti nyuzi 100. Zipo dawa za kuulegeza uzi katika maji yanayochemka, lakini nyingi miongoni mwao zina harufu kali na hudhuru afya, wala si za kutumiwa uani penye watoto.

Kiwanda hutia rangi mchanganyiko huu kwa awamu mbili, na mpangilio wake una maana. Poliesta hutangulia, katika maji yenye asidi kidogo. Kisha kitambaa huoshwa kwa kostiki na haidrosalfaiti ili kuondoa rangi iliyoganda juu ya nyuzi bila ya kuingia, ambayo ingechujuka kwa mfuaji. Baada ya hapo ndipo pamba hutiwa rangi yake, kwa chumvi na magadi, mara nyingi katika joto la nyuzi 60 hivi. Kama pamba ingetangulia, muosho huo ungeweza kuiharibu rangi yake. Nailoni ina masharti mepesi zaidi: hupokea rangi za asidi katika maji ya moto ya kawaida.

Fundi asiye na mtungi wa kiwandani hana budi kukijua kitambaa kabla ya kukipokea. Achomoe nyuzi chache za marefu na chache za mapana, azishike kwa kibano mbali na nguo nyengine, aziwashe. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi, na jivu lake ni laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kipande kigumu cheusi kama ushanga. Mchanganyiko huwaka na pia huacha ugumu. Jaribio hili halisemi ni asilimia ngapi, lakini humtosha fundi kumwambia mteja mapema kwamba rangi itakuwa hafifu. Kipande cha majaribio, kikafuliwa na kukaushwa kabla ya kitambaa chote kuingia rangini, ni gharama ndogo kuliko ugomvi.

Lipo pia suala la maji. Sehemu ya rangi ya pamba haishiki kamwe, na chumvi na magadi yote hubaki katika maji yanayomwagwa. Kisiwani, ambako watu hunywa maji ya visima na chemchemi, na ambako mawe ya matumbawe hupitisha maji upesi, kumwaga beseni karibu na kisima ni kumnywesha jirani. Kuchemsha maji hakuondoi chumvi wala rangi.

Kostiki hutiwa ndani ya maji baridi kidogo kidogo. Maji hayamwagwi juu ya kostiki, kwani huchemka ghafla na kuruka usoni. Haidrosalfaiti iwekwe pakavu ndani ya chombo kilichofungwa, kwa sababu ikipata unyevu hupata moto yenyewe na kutoa moshi wa kukaba roho. Glavu zivaliwe, na sufuria ya rangi isirudi jikoni hata ikisuguliwa ikang'ara.

Ofisi inayoagiza sare iandike katika hati ya manunuzi aina ya kitambaa na kiasi cha pamba kilichomo, si rangi peke yake. Penye kutakiwa rangi iliyokoza kwa kazi ya mkono, kitambaa kiwe cha pamba tupu. Penye kutakiwa mchanganyiko, kinunuliwe kikiwa kimekwisha kutiwa rangi kiwandani.