Ekari Nyingi si Fedha Nyingi

Hotuba ya Katibu wa Chama cha Msingi, iliyosomwa Nkoma katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Miaka kumi si haba. Lakini wazee wetu wa Usukumani walishirikiana kabla sisi hatujazaliwa. Waliona mizani ya wanunuzi ikiwapunja, wakaweka watu wao wenyewe wa kuichunguza. Na mwaka 1955 vyama vyao vikaungana katika Victoria Federation of Cooperative Unions, chini ya Ndugu Paul Bomani. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na mwaka 1994 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Katika mabadiliko yote hayo, mizani ndiyo mkulima aliyoitazama. Leo twapenda kusema juu ya mizani nyingine, ambayo kila mwanachama huishika nyumbani kwake: ardhi aliyolima upande mmoja, na fedha iliyobaki upande wa pili.

Twakiri kosa letu. Sisi viongozi tumezoea kumsifu mwenye ekari nyingi. Tumeandika ekari na kilo, hatukuandika gharama. Na mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano. Mkulima mmoja analima ekari 6 za pamba, akavuna kilo 200 kwa ekari. Jirani yake analima ekari 4, akavuna kilo 300 kwa ekari. Wote wawili wataleta kilo 1,200 ghalani na kupokea malipo yaliyo sawa. Lakini yule wa kwanza amegharimia ekari mbili zaidi kwa jembe, mbegu, palizi na dawa. Na ekari hizo mbili alizitoa wapi? Mara nyingi amezitoa katika ngitili.

Hapo ndipo hasara ya pili huanza. Ngitili ni akiba ya majani ya kiangazi. Ikilimwa, maksai hukonda; mvua za kwanza zinapofika hawana nguvu za kuvuta jembe. Mkulima huchelewa kupanda, nasi twajua kwamba wakati wa kupanda pamba ni kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Desemba. Anayechelewa huvuna kidogo. Akivuna kidogo, mwaka unaofuata huongeza ekari, na ngitili iliyosalia huisha. Hivyo ndivyo umaskini unavyolimwa kwa mikono yetu wenyewe.

Dawa yake twaijua. Mradi wa HASHI ulianza mwaka 1986 katika Mkoa wa Shinyanga, ambao Bariadi ilikuwa ndani yake wakati ule. Haukuleta jambo geni, bali uliwahimiza watu kurudisha ngitili za mababu, na miti na majani yakarudi.

Hatusemi haya kwa amri. Wazee wanakumbuka mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947, ambamo serikali ya kikoloni ililazimisha watu kulima matuta na kupunguza mifugo. Watu waliuchukia, hata yale yaliyofaa yakakataliwa. Sisi twashauriana, kwa kuwa ardhi ni yetu.

Basi, yafaa kila mwanachama aitumie ardhi kwa tabia yake. Luseni imechoka, nayo yahitaji samadi, ambayo imelundikana mazizini bila kazi. Mbuga hushika maji, na dengu huweza kupandwa humo mvua zinapokwisha. Pamba ipokezane na choroko na mtama. Pamba ipandwe kwa mistari, na palizi ifanywe mapema.

Nasi viongozi tunalo deni letu. Mbegu na dawa zikichelewa kufika, hatuna haki ya kumlaumu mkulima aliyechelewa. Malipo yakikawia, mwanachama atauza kwa yeyote mwenye fedha mkononi, wala hatatenda dhambi.

Twapendekeza, kwa hiyo, kwamba kuanzia msimu ujao daftari la kila Chama cha Msingi liwe na safu mbili mpya: gharama za shamba, na fedha iliyobaki. Tutakapokutana tena baada ya miaka kumi, tusiulizane nani amelima sana. Tuulizane nani amebakiwa na kitu, na kama ng'ombe wake wameshiba.