Bwana Daud wa Faza Ndani ya Fort Jesus

Wengi hupita Fort Jesus kila siku wakielekea Mji wa Kale, bila kuingia ndani.

Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, juu ya mwamba wa matumbawe, ili kulinda mlango wa bandari. Wageni hupenda kupigwa picha kwenye mizinga, na si vibaya. Ila habari nzito ni ya kuzingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696. Ndani ya kuta, maradhi yaliua watu wengi. Agosti 1697, kamanda Mreno alipofariki, uongozi ulishikwa na Bwana Daud wa Faza, kutoka kisiwa cha Pate. Yeye, jamaa zake na Waafrika wengine, wanawake kwa wanaume, waliilinda ngome hadi meli za msaada zilipowasili. Waomani waliitwaa Desemba 1698.

Vasco da Gama, aliyefika Mombasa 1498, ngome ikiwa haijajengwa, anajulikana na kila mtoto wa shule. Daud je? Mzazi atakayempeleka mwanawe likizo hii amwombe mwelekezi amsimulie kisa hicho.